Siti ya mbele Washington–Houston kwa maili: kwenye tovuti ipo, kwa wakala haipo. Nani mkweli?

#1 Mkonge_TGT
Wakuu salaam. Wajuzi wa maili nisaidieni hapa.

Safari ni Dar – Addis Ababa – Washington Dulles kwa Ethiopian, halafu kipande cha ndani ya Marekani, Dulles – Houston, kwa United. Hicho cha mwisho nakitaka daraja la kwanza, kilipwe kwa maili, yaani zile pointi za msafiri. Maili zipo kwenye programu ya shirika mojawapo la Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege ambao United na Ethiopian wamo. Jina lake silitaji, sitaki uzi ugeuke wa kushtaki. Salio 41,000.

Tovuti ya United inaonyesha siti ya mbele, ndege ya mchana, tarehe 14, 15 na 16. Nikipiga kwa wakala wa programu yangu anaangalia dakika mbili anasema hakuna first. Wakala wa pili, jibu hilohilo. Muda huohuo nikiifungua tovuti siti bado ipo, inanitazama tu. Hii inasababishwa na nini, na nimwambie nini wakala ili aione?

#2 Barabara_ya_13
First class ya Tanga tunaijua sisi: siti ya kulia kwa rubani kwenye Caravan. Begi laini, kilo 15 pamoja na la mkononi, na maili hazihitajiki. Unahitaji kuwahi tu 😂

#3 Fundi_Maili
Mkuu #1, umeuliza "first" ndiyo maana ukajibiwa hakuna first.

Ndege za United za ndani nyingi zina vyumba viwili. Cha mbele abiria anaambiwa First, lakini kwenye mfumo kinauzwa kwa herufi za biashara: J, C, D, Z, P. Siti ya zawadi (ya kukatwa kwa maili) wanayowaachia mashirika wenza kwenye chumba hicho inakaa kwenye herufi I. Ya ekonomi ni X. Wakala akisikia "first" anakwenda kutafuta O, herufi ya daraja la kwanza lile la kale la ndege za mbali. Mfumo unampa sifuri na yeye anakupa sifuri. Hajakudanganya.

Piga tena useme hivi, neno kwa neno: "Naomba daraja la biashara, ndege ya United namba fulani, IAD kwenda IAH, tarehe fulani, naomba uangalie herufi I." Namba ya ndege uwe nayo mkononi. IAD ni Dulles, IAH ni Houston Intercontinental. Na sisitiza IAH. Akiandika HOU amekupeleka Hobby, uwanja mwingine kabisa upande wa pili wa mji.

#4 Bint_Chumbageni
Fundi yuko sahihi kwa herufi, ila nadhani tatizo la Mkonge ni lingine. Mkonge, hiyo tovuti ya United uliifungua ukiwa umeingia kwenye akaunti, na ni akaunti ya nani?

United wana siti za zawadi za aina tatu kwenye chumba hichohicho. I wanaiachia kila mtu, washirika pia. IN ni kwa wanachama wao wenye kadi za juu au wenye kadi ya benki yenye nembo ya United. JN ni ya bei ya juu, kwa wanachama wao tu. Kwenye skrini zote tatu zinakuja na neno lilelile, First. Mshirika anaiona ya kwanza peke yake.

Ukibonyeza maelezo ya ndege herufi huwa imeandikwa pale kwa maandishi madogo. Ukikuta IN au JN, wakala wako hataiona hata umpigie hadi Idi.

#5 Mkonge_TGT
Duh. Niliifungua kwenye akaunti ya mpwa wangu aliyeko Houston, na kadi hiyo ya benki anayo. Ngoja nijaribu bila kuingia popote.

#6 Toto_la_Makorora
Nakaa hapa na kahawa na kashata, uzi mtamu huu.

#7 Mzee_wa_Segera
Vijana, kuna siti hewa pia, msiisahau. Kama mlivyosikia wafanyakazi hewa, basi na siti zipo. Tovuti haiulizi mfumo mkuu kila mtu anapotafuta, inatunza majibu ya nyuma ili ifunguke haraka. Siti imeshachukuliwa, jibu la zamani bado linaonyeshwa. Utaijua ukijaribu kuendelea hadi ukurasa wa malipo: ikiwa hewa, inakataa palepale.

Ukaguzi wa kuaminika ni kutazama kwa washirika wawili tofauti. Fungua akaunti ya Aeroplan ya Air Canada, ni bure, tafuta IAD–IAH tarehe ileile. Kisha LifeMiles ya Avianca. Wote wawili wanasoma ile I ya washirika. Ikionekana kote, siti ni ya kweli na wakala wako ndiye wa kuelekezwa. Isipoonekana kokote, usimsumbue mtoto wa watu kwenye simu.

#8 Mpemba_Ngamiani
Shikamoo Mzee wa Segera. Naongeza ya nne. Mkonge, ulipopiga simu uliomba kipande cha Dulles–Houston peke yake, au uliomba safari nzima toka Dar?

Nauliza kwa sababu mifumo ya mashirika makubwa hufungisha vipande ndoa. I ya Dulles–Houston inaweza kuwepo ukiiomba yenyewe, ukiiunga na Addis–Dulles ikatoweka. Au kinyume chake: peke yake haipo, ukiiunga na kipande kingine inajitokeza. Shirika linapiga hesabu ya abiria mzima, halihesabu kiti kimoja kimoja. Wakala akivunja ndoa hiyo kwa kuingiza vipande kimoja kimoja, shirika lenye ndege linaweza kuikataa tiketi baadaye.

#9 Fundi_Maili
#8 ndoa zipo, lakini hapa sidhani. Kwa tiketi ya zawadi ya mshirika, I huwa inatoka kipande kwa kipande mara nyingi zaidi kuliko tiketi ya pesa. Nabaki na langu: amesema "first", wakatafuta O.

#10 Mpemba_Ngamiani
"Mara nyingi zaidi" si "kila mara" kaka.

#11 Bint_Chumbageni
Na mawakala wawili tofauti wote wakosee herufi ileile? Hapana. Kadi ya mpwa hiyo.

#12 Kange_Stendi
Samahani wataalamu, nauliza la kishamba. Hiyo safari ya ndani ni saa tatu tu. Kwa nini mtu achome maili kwa ajili ya saa tatu? Toka Kange, Tanga, hadi Mbezi, Dar, tunakaa saa sita, na goti limegusa kidevu.

#13 Fundi_Maili
Si la kishamba, ndilo la kuanzia. Chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi ambayo ungeilipa hata ukitumia maili, gawa kwa idadi ya maili.

Namba za mfano tu: tiketi ya siti ya mbele dola 420, kodi ya kipande cha ndani dola 5.60, maili zinazodaiwa 22,000. 420 toa 5.60 ni 414.40. Gawa kwa 22,000, kila maili imekununulia senti 1.88. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa ekonomi, tuseme dola 140 au maili 12,500: senti 1.08. Kwa mfano huu maili zinafanya kazi zaidi mbele. Kuna siku pengo la pesa kati ya mbele na nyuma ni dola 90. Siku hiyo lipa pesa, maili zako ziache zilale.

Hiyo 5.60 ndiyo ada ya usalama ya Marekani kwa kila upande wa safari ya ndani, na kwa tiketi ya zawadi ya kipande cha ndani peke yake ndiyo kodi yote utakayodaiwa. Programu nyingine zinaongeza ada yao ya kukata tiketi ya mshirika juu yake.

#14 Horohoro_Boda
Fundi umeacha mabegi, na mabegi ndiyo yenyewe kwa msafiri wa kwetu.

Tiketi ya Ethiopian ya ekonomi kwenda Marekani inakupa mabegi mawili ya kilo 23. Ukikata kipande cha United kama tiketi ya pekee yake, sheria ya mabegi inakuwa ya United: ekonomi ya ndani unalipia kuanzia begi la kwanza. Daraja la kwanza mawili ni bure, na kila moja linaruhusiwa hadi kilo 32. Kwa mtu mwenye mabegi mawili, pengo la bei lililoonekana kubwa linapungua ghafla.

Ila usijaze 32 Dar ukidhani umeula. Mpaka Dulles bado wewe ni mtu wa 23.

#15 Toto_la_Makorora
Na machungwa ya Muheza?

#16 Horohoro_Boda
Yanaishia kwenye pipa la forodha Dulles. Matunda mabichi na nyama usibebe, hata nyama kavu. Viungo vikavu na dagaa wakavu kwa kawaida hupita, ila viandike kwenye tamko. Faini haimpati aliyebeba akatamka, inampata aliyeficha.

#17 Raskazone_Upepo
Kwani yote hayo ya nini, si muende business ya Air Tanzania Dar–Mwanza na Twiga Miles muonje raha? Panda Airbus tu, zile za pangaboi hazina biashara.

#18 Kijana_wa_Pangani
Sahihisho: Q400 za Air Tanzania, hizo za pangaboi, zinayo biashara, siti 6 mbele na 70 nyuma. Airbus A220-300 ndizo zenye 12 mbele na 120 nyuma. "Daraja la kwanza" kwa jina hilo halipo kwenye ndege za ratiba za ndani hapa kwetu, ni biashara. Na Air Tanzania haimo kwenye muungano wowote kati ya ile mitatu, kwa hiyo maili za Star Alliance hazikununulii siti yao.

Mkonge, angalia aina ya ndege kabla hujalipa. United wana A319 yenye siti 12 mbele, 737-800 yenye 16, 737 MAX 9 yenye 20. Zote mbili kwa mbili, kiti kipana kinacholala kidogo tu. Embraer 175 ina 12, mpangilio mmoja upande huu na wawili upande wa pili, kwa hiyo ukipata upande wa kiti kimoja umepata dirisha na njia kwa pamoja, ila kabati la juu upande huo ni dogo, begi la mkononi la magurudumu huenda lisiingie. Kuna njia za kati ya vituo vyao vikubwa ambako siku nyingine wanaweka ndege pana yenye kiti kinacholala kama kitanda. Bei ya maili ya mshirika haibadiliki kwa sababu ya hilo. Kwa hiyo tazama ratiba ya siku nzima, usikamatie ndege ya kwanza unayoiona.

#19 Raskazone_Upepo
Nimekubali hizo 6, sikujua. Ila pangaboi ni pangaboi 😅

#20 Nahodha_Tongoni
Nashangaa hakuna aliyeuliza: kwa nini upitie Dulles? Qatar wanakwenda Dar–Doha na Doha–Houston moja kwa moja. Turkish hivyohivyo, Dar–Istanbul na Istanbul–Houston. Unashuka IAH kwenyewe, first ya ndani ya nini tena?

#21 Bint_Chumbageni
Nahodha, kwa pesa naafiki. Kwa maili, alizonazo ni za Star Alliance, Qatar ni oneworld, muungano mwingine. Turkish ndiyo angeweza, lakini 41,000 hazifiki mbali kwenye kipande cha bara hadi bara, kwa ekonomi huenda, kwa biashara asahau.

Na msimwelekeze kwenye Avios kwa ajili ya hiki kipande. Avios za British Airways kwa ndege za mshirika zinahesabiwa kwa umbali na kwa kila ndege. American, mshirika wao, hawana ndege ya moja kwa moja toka Washington hadi Houston Intercontinental, watakupitisha Dallas au Charlotte. Ndege mbili, bei mbili zinajumlishwa. Avios zinang'aa kwenye safari fupi isiyo na kuunganisha. Hapa ni United, Dulles na IAH zote ni vituo vyao, kama maili 1,190 bila kusimama.

#22 Mzee_wa_Segera
Turkish zamani ilikuwa sikukuu: 12,500 siti ya mbele popote ndani ya Marekani kwa United. Mwaka 2024 wakapandisha. Walio na makala za zamani kwenye simu zao wazifute.

Kuhusu uchache wa I kwenye chumba cha mbele, sababu moja ni hii. United wanawapandisha daraja bure wanachama wao wa juu. Wale wa kadi ya 1K wanaanza kupandishwa saa 96 kabla ya kuruka, Platinum 72, Gold 48, Silver 24. Siti 16 za mbele zina foleni ya watu arobaini. Shirika litampa mgeni wa programu nyingine kabla ya mteja wake? Kwa hiyo I hutoka mapema sana, kalenda inapofunguka siku 337 kabla, halafu kimya.

#23 Kijana_wa_Pangani
Mzee kwa heshima, hapo napingana nawe kidogo. Siku mbili tatu za mwisho I hurudi, hasa ndege ya alfajiri na ya Jumanne au Jumamosi, siku ambazo watu wa ofisi hawasafiri. Njia ya wafanyabiashara Jumatatu asubuhi na Alhamisi jioni ndiyo usitie mguu. Mkonge tarehe zako ni siku gani za wiki?

#24 Mkonge_TGT
14 Jumanne, 15 Jumatano, 16 Alhamisi.

Majibu ya kazi mliyonipa. Bila akaunti ya mpwa, tovuti ya United: 14 ipo, 15 ipo, 16 imetoweka. Maelezo ya ndege yanasema I kwa 14 na 15. Aeroplan: 14 ipo, 15 haipo. LifeMiles: haionyeshi yoyote. Wakala wa tatu nimemsomea maneno ya Fundi kama kasida: 14 ameiona, 15 hakuna.

Kwa hiyo ni nani kashinda?

#25 Bint_Chumbageni
16 ilikuwa ya kadi ya mpwa. Moja kwangu.

#26 Fundi_Maili
14 imeonekana mara tu ulipoacha kusema first. Moja kwangu, na ndiyo inayokupeleka Houston.

#27 Mzee_wa_Segera
Na 15 siti hewa, msinidhulumu.

#28 Mpemba_Ngamiani
15 si hewa lazima. United kaiandika I, Aeroplan kaikosa, na Aeroplan si mungu: programu zina vichujio vyao, nyingine hazionyeshi mshirika fulani kwa tarehe fulani. Mbona LifeMiles haikuonyesha 14 ambayo wakala kaiona? Mkonge, jaribu 15 ukiiunga na kipande cha Addis uone.

#29 Mzee_wa_Segera
LifeMiles hukosa mambo, hilo nakubali. Hewa ni hewa lakini.

#30 Kange_Stendi
Ukikaa mbele unaingia launji bure si ndiyo? Chai, vitafunwa...

#31 Raskazone_Upepo
Ndiyo, first yoyote inaingia.

#32 Kijana_wa_Pangani
Hapana. Leo ni siku yako Raskazone. Daraja la kwanza la ndani ya Marekani, iwe United, American au Delta, kwa kawaida haliji na launji. Anayeingia ni mwenye uanachama wa klabu, au mwenye kadi ya Star Gold, ngazi ya juu ya Star Alliance, iliyotolewa na shirika lisilo United. Hapo ni kichekesho: Gold wa ShebaMiles, programu ya Ethiopian, anaingia launji ya United hata akiwa ekonomi ya ndani, Gold wa United mwenyewe akiwa kwenye safari ya ndani tupu haingii.

#33 Nahodha_Tongoni
Na aliyetoka Addis kwa biashara siku hiyohiyo?

#34 Kijana_wa_Pangani
Huyo anadai haki ya muunganisho, aonyeshe pasi ya kupandia ya ndege ya kimataifa mlangoni. Mkonge anatoka ekonomi, halimhusu.

#35 Horohoro_Boda
Jambo zito kuliko launji: tiketi moja au mbili?

Kama Dar–Addis–Dulles ni tiketi ya pesa na Dulles–Houston ni ya maili, hizo ni tiketi mbili zisizojuana. Ndege ya Addis ikichelewa, United hawana deni nawe. Utakosa ndege na siti ya I ya ndege inayofuata haikusubiri. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ndege nzito haipai na mafuta ya kutosha hadi Marekani, kwa hiyo kwenda huko mara nyingi inasimama njiani kujaza, na kila kusimama ni nafasi ya kuchelewa.

Hata ingekuwa tiketi moja, Dulles lazima uchukue begi lako mwenyewe: uhamiaji, mkanda wa mizigo, forodha, kulikabidhi upya, kisha ukaguzi wa usalama. Ukiwa na tiketi moja begi lina lebo ya IAH tayari, unalikabidhi hapo nje ya forodha. Ukiwa na mbili, unalisukuma hadi kaunta ya United, unapima upya. Weka saa tano kati ya kutua na kuruka. Nne kwa aliyezoea. Ukizidisha saa 24 kwenye tiketi moja, inageuka kituo na bei ya maili inabadilika.

#36 Fundi_Maili
Naunga mkono #35. Na baada ya wakala kukamata siti usishangilie namba ya herufi sita, hiyo ni uhifadhi tu, inaweza kufa usiku. Subiri namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinasema nani kaitoa: 071 Ethiopian, 235 Turkish, 016 United. Ukiipata, omba pia namba ya uhifadhi ya upande wa United, kwa kawaida ni tofauti na ya kwako, ingia nayo kwenye tovuti yao uchague siti. Ikikuruhusu kuchagua siti, tiketi imeungana.

Kama ni chakula cha halali, herufi zake kwenye mfumo ni MOML, iombwe mapema kwenye namba hiyo ya United. Kwenye njia za ndani si kila ndege wanacho, kwa hiyo usipande na njaa.

#37 Bint_Chumbageni
Jina! Jina liwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Waswahili tuna majina matatu, programu nyingi tulijiandikishia mawili. Ukaguzi wa Marekani unalinganisha tiketi na pasi. Rekebisha jina kwenye akaunti ya maili kabla ya kukata tiketi, baada ya hapo ni safari ya barua pepe wiki tatu. Pasi ya Tanzania inatosha kwa ndege ya ndani, huhitaji kitambulisho cha jimbo.

#38 Mkonge_TGT
Asanteni sana. 14 imeshikwa, wakala kanipa hadi kesho saa sita mchana nilipe hizo dola na ada yao. Kadi yangu ya benki imekataa mara mbili.

#39 Kijana_wa_Pangani
Benki nyingi kadi ya kawaida imefungiwa malipo ya mtandaoni ya nje mpaka uombe. Nenda tawini asubuhi wafungue, au tengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni kwenye simu yako, weka pesa zaidi kidogo ya kiasi maana kiwango cha dola hubadilika. Wakikuuliza postikodi usiache wazi, za Tanga zinaanza na 21, tafuta ya kata yako.

Na usijaribu mara ya tatu na kadi ileile leo. Mfumo utakuona mwizi.

#40 Nahodha_Tongoni
Mkonge hujakata ya Dar bado? Fikiria Mombasa. Ethiopian wapo Mombasa pia, na KIA (Kilimanjaro). Tanga–Horohoro ni kilomita 65 za lami, unavuka Lungalunga, na sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, huhitaji tena kivuko cha Likoni kufika uwanjani. Kwa mtu wa Chumbageni ni karibu kuliko Dar mara mbili.

#41 Horohoro_Boda
Karibu ndiyo, ila mpaka una foleni yake, na akirudi na mabegi yake ya Houston forodha ya Horohoro itataka kuyafungua moja moja. Ahesabu na hilo.

#42 Raskazone_Upepo
KIA vipi? Segera, Mombo, Same, umefika. Au nimekosea tena?

#43 Kijana_wa_Pangani
Hujakosea 😂 Ila umbali wake haupungui ule wa Dar, hujaokoa kitu.

#44 Mpemba_Ngamiani
Mkonge, kabla hujalipa: ile 15 uliijaribu ukiiunga na Addis?

#45 Mkonge_TGT
Nimemwomba wakala aijaribu sasa hivi. Ikiunganishwa inaonekana, kipande peke yake hakuna.

#46 Mpemba_Ngamiani
Mzee wa Segera uko wapi?

#47 Mzee_wa_Segera
Mwambie atoe tiketi kwanza tuzione hizo tarakimu 13. Kuonekana si kupatikana.